Mbegu Niliyosema Haiugui

Sehemu ya sita

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mama muuza vitumbua amekwisha kuyatumia kufungia. Nitakupa yote kwa mkupuo mmoja.

Naitwa Zabroni Milanzi, wa Nanganga, wilaya ya Masasi. Nilikuwa bodaboda pale Mkomaindo hadi nilipovunjika mguu. Mguu ulipopona, mwenye pikipiki alikuwa ameshaiuza. Nikapata kazi ya uwakala kwenye kampuni moja ya mbegu za nyanya. Nikapewa fulana, kofia, na mbegu chotara iitwayo Shupavu.

Kipeperushi cha mbegu hiyo kilisema ina kinga dhidi ya ubwiri unga. Mimi niliwaambia watu haiugui. Kati ya maneno hayo mawili ndipo nilipotumbukia.

Hapa kwetu huna haja ya kumweleza mtu ubwiri ni nini. Tunaufahamu kwenye mikorosho: unga mweupe juu ya majani na maua, kama mtu aliyepita na chekecheke la sembe. Nyanya nazo zina ubwiri wao. Kwa hiyo niliposimama mbele ya kikundi cha akina mama arobaini wenye bustani kando ya Mto Lukuledi na kuwaambia ipo nyanya isiyoujua ubwiri, waliniamini. Waling'oa nyanya zao za kienyeji, wakachukua miche kutoka kwenye kitalu changu.

Mwenyekiti wa kikundi hicho ni Mama Stella. Ndiye aliyemzaa Isabela, mke wangu. Kwa maneno mengine, nilimng'olesha mama mkwe wangu nyanya zake.

Wiki jana tuliachana siku ya Jumatatu, mwezi wa saba, mimi nikiwa katikati ya miche mia tatu ya shamba darasa langu, yaani shamba la kuonyeshea wakulima. Nilikuwa nimeshika jani lenye doa jeupe. Nililipuliza kwa mdomo. Doa halikuondoka.

Sasa sikiliza niliyoyafanya. Sijivunii hata moja.

La kwanza, nilimsingizia jirani. Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ubwiri, na vumbi la salfa linapeperuka kokote upepo unakotaka. Mujibu ana mikorosho ng'ambo ya barabara. Nikavuka, nikamkuta anakula muhogo wa kuchemsha, nikaketi. Baada ya salamu nikamweleza kwa upole kwamba salfa yake imefika kwenye nyanya zangu, sina kinyongo, ila siku nyingine aangalie upepo unakoelekea.

Mujibu alinisikiliza hadi mwisho. Akafuta mikono, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya nyumba. Akanionyesha mahali anapoweka mashine yake ya kupulizia. Palikuwa pameota nyasi. Mashine ilikuwa kwa fundi Masasi mjini tangu Pasaka. Mwaka huo hakuwa amepulizia hata tawi moja.

"Kwani nyanya zako zina ubwiri?" akaniuliza.

"Haziugui," nikamjibu. Neno lilinitoka lenyewe, kama chafya.

Nikarudi nyumbani na hesabu mpya kichwani. Jumamosi ilikuwa siku ya wakulima. Wageni wangetoka Newala, bosi wangu angetoka makao makuu, na wote wangekuja kuangalia shamba darasa la wakala bora wa Masasi, yaani mimi. Nilikuwa na siku tano.

Jumanne nikachana shuka kuukuu, nikachota maji kwenye beseni, nikaanza kufuta. Jani kwa jani. Nilipiga magoti katikati ya matuta kama mtu anayemnawisha mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Doa likifutwa, jani linang'aa. Nilifurahi sana. Nilijiambia kumbe ugonjwa wenyewe ni uchafu tu.

Mchana Isabela akaniletea chakula. Akasimama kando ya tuta, akanitazama kwa muda. Akauliza nafanya nini. Nikasema napangusa vumbi.

"Baba Wema," akasema, "miaka kumi na minne tumeoana, hujawahi kufuta hata meza."

Akaweka chakula chini, akaenda zake.  Meza yetu kweli sijawahi kuifuta.

Jumatano majani yote niliyofuta yalikuwa safi. Alhamisi asubuhi yalikuwa meupe tena, na si hayo tu. Kila jani ambalo kitambaa changu kilipita, likiwamo lile ambalo halikuwa na doa hata moja, sasa lilikuwa na mawili matatu. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba zile siku mbili nilikuwa ninapanda ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe, jani hadi jani, mche hadi mche, kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kwenye kupanda kitu kingine chochote.

Wakati huo sikujua. Nikatupa kitambaa, nikachukua mkasi.

Niliamua kila jani lenye doa litoke. Nikaanzia chini, nikapanda. Ukikata moja, unaona la jirani yake nalo lina alama. Ijumaa jioni nilipoinua kichwa, kila mche ulikuwa umebaki shina, matunda, na kishungi cha majani utosini, kama kuruta wa mgambo siku ya kwanza kambini. Majani yenyewe yalijaa magunia mawili. Niliyamwaga kwenye shimo la choo cha zamani, nikafunika kwa udongo, nikanawa mikono, nikaanza kutunga namna ya kuomba radhi.

Jumamosi turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, spika ikaanza kupiga miziki. Wageni wa Newala wakashuka kwenye Coaster, wamevaa masweta kwa sababu kwao juu asubuhi ni baridi. Bosi wangu, Bwana Filemoni, akafika na gari la kampuni. Alikuwapo pia mtafiti mmoja wa magonjwa ya mikorosho, dada kijana anayeitwa Naima, aliyealikwa kama mgeni tu.

Bwana Filemoni akaingia shambani mbele ya watu wote. Akasimama. Akaitazama miche yangu iliyonyolewa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akachukua kipaza sauti. Akasema kwamba amezunguka mikoa mingi akiwahimiza wakulima kupogolea nyanya kitaalamu, hewa ipite, jua liingie, wala hawamsikii. Akasema leo, hapa Nanganga, hatimaye amemwona mtu aliyemwelewa. Akaomba nipigiwe makofi.

Wakapiga. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hapo ningeweza kunyamaza na dhambi yangu ingekuwa ndogo. Lakini Bwana Filemoni akanipa kipaza sauti na kuniomba niwaeleze wageni mbinu yangu. Nami nikaeleza. Nakiri mbele yenu. Kwa robo saa nzima niliwafundisha wakulima wa wilaya mbili namna ya kunyoa nyanya. Niliigawa kazi hiyo katika hatua tatu, zote nikizitunga nikiwa nimesimama, na kila hatua nikaipa jina. Watu wa Newala waliandika kwenye madaftari.

Naima hakuandika.

Wengine walipokwenda kwenye pilau, yeye akanifuata. Akaniuliza majani niliyokata yako wapi. Nikasema yameliwa na mbuzi.

"Mbuzi hawapendi majani ya nyanya," akasema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kwamba kifungo chako kimefunguka.

Nikasema wangu wanayapenda. Akasema angependa kuwaona mbuzi hao. Nikasema wako malishoni. Sina mbuzi hata mmoja, msomaji wangu. Wa mwisho nilimchinja siku ya kipaimara cha Wema.

Naima hakunibana. Alichana karatasi, akaandika namba yake ya simu. "Ukiona jani lenye unga, hata moja, litie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Unipigie. Sitakuuliza lilikotoka."

Nikaitia ile karatasi mfukoni na kujifanya nimeisahau.

Kitu kimoja kilinisumbua siku hiyo kuliko Naima. Mama mkwe hakuja. Yeye ndiye aliyepangwa kutoa neno la shukrani. Stamili, katibu wa kikundi, ndiye aliyesimama badala yake, akasema mwenyekiti anaumwa kichwa. Tangu nimemfahamu mama huyo, sijawahi kusikia kichwa chake kinamuuma. Kwa kawaida yeye ndiye huumiza vya wengine.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kumjulia hali.

Kwetu mkwe haendi kwa mama mkwe hivihivi. Unatuma habari, unangojea, unapiga hodi ukiwa mbali, macho chini. Siku hiyo sikutuma habari. Nilipiga hodi, nyumba kimya. Kisha nikasikia maji yakinyunyizwa huko bustanini, upande wa mtoni. Nikafuata sauti.

Nilimwona kwa mgongo. Alivaa mabuti ya marehemu baba mkwe, yanampwaya. Mkono mmoja beseni, mkono mwingine kifagio kidogo cha majani. Anachovya, ananyunyiza, anachovya, ananyunyiza. Maji yenyewe yalikuwa meupe.

Nikakohoa.

Aligeuka haraka, akavuta kanga kichwani, akasimama mbele ya tuta la kwanza na kutanua mikono kidogo, kama mtu anayeziba mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujatuma habari."

Nikasema ni kweli, nisamehewe. Nikatazama chini kama inavyotakiwa. Hapo chini ndipo yalipokuwa majani. Rundo la majani ya nyanya yaliyokatwa, na kila jani lilikuwa na madoa meupe ninayoyafahamu kama kiganja changu.

"Hiyo ni dawa gani, mama?"

"Maziwa."

Akalitua beseni. Mto ulikuwa unapita pale nyuma.

"Nilitaka nimtume Isabela akuambie," akasema hatimaye. "Nikashindwa. Nimeiharibu mbegu yako, baba."

Akaanza kunieleza, akiwa ameelekeza uso mtoni ili asinitazame. Unga ulianza wiki tatu zilizopita. Alidhani ni maji, akabadili saa za kumwagilia. Akadhani ni mbolea, akaiondoa. Akamwomba Mungu. Akasikia redioni kuna mahali watu hunyunyiza maziwa, akaanza kununua maziwa ya pakiti kila siku, hadi muuza duka akampa pole ya vidonda vya tumbo. Jana hakuja kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya wageni kushukuru kwa nyanya alizoziua mwenyewe, tena amwaibishe mkwewe siku ya sifa zake.

Nikamuuliza kwa nini alifikiri kosa ni lake.

"Ulisema mwenyewe. Kwenye mkutano."

Na kweli nilisema. Siku ile ya kwanza Stamili aliniuliza itakuwaje nyanya zikiugua. Nikajibu kwamba mbegu hii haiugui, anayeugua ni mkulima asiyefuata maelekezo. Watu walicheka. Nilikipenda kicheko kile. Nikairudia sentensi hiyo kila nilipokwenda, Nanganga, Lupaso, kote, na kila mahali walicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ataibeba sentensi hiyo nyumbani, alale nayo, aamke nayo, aingie nayo bustanini.

Hapo nilikuwa na njia mbili, na nataka mjue ile mbaya ilikuwa imekwisha kunifika ulimini. Ningeweza kusema, pole mama, mwagilia asubuhi tu, zitapona. Ningebaki na kofia yangu. Angebaki na kosa lake.

Nikamwangalia. Alikuwa na matone ya maziwa kwenye mkono, hadi kiwikoni.

"Mama," nikasema, "na zangu zinaugua."

Hakugeuka. "Tangu lini?"

"Jumatatu. Ule upogoleaji wa jana haukuwa wa kitaalamu. Nilikuwa naficha."

 Akageuza ndoo, akaikalia, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia.  Halafu nikaona ile kanga inavyotikisika, nikaelewa. Mama mkwe hacheki mbele ya mkwewe, kwa hiyo alikuwa anachekea ndani.

Alipotoa uso, macho yalikuwa na machozi, lakini hakuwa yule mtu niliyemkuta.

"Basi na za Stamili zinaugua," akasema. "Wiki hii amezungushia makuti bustani yake yote. Anasema anazuia nyani."

Tukatazamana, jambo ambalo si la kawaida kwetu. Tukaanza kukumbuka. Kuna mwanakikundi aliyeacha kumkaribisha mtu bustanini. Kuna aliyesema ana mgeni, mgeni asiyeonekana. Kuna aliyehamishia njia yake upande wa pili ili watu wasipite karibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaalikwa kwa mwanamke yeyote tangu mwisho wa mwezi wa sita, nami nilidhani wameshakuwa wataalamu.

Akina mama arobaini, kila mmoja na ugonjwa wake, kila mmoja akifikiri ni yeye peke yake. Na aliyewafungia midomo ni mimi.

Nikampigia Naima simu palepale. Hakuniuliza habari za mbuzi. Akasema kesho atafika na bahasha.

Kisha nikampigia Bwana Filemoni. Alisikitika kweli, sitamsingizia. Alisema taarifa lazima ipande makao makuu kwanza, tungoje mwezi mmoja. Nikamwambia nyanya hazina huo mwezi. Akafikiri, akasema kama ni lazima niseme, basi niseme kama Zabroni, si kama wakala, na fulana na kofia nisivae. Nikaivua kofia nikiwa bado nazungumza naye, ingawa hakuwa akiniona.

Jumatatu tulikutana kwenye baraza la ghala la korosho, ambalo msimu huo lilikuwa tupu. Walikuja wote arobaini. Nilisimama kichwa wazi. Nikasema Shupavu inaugua. Nikasema yangu inaugua, nimeifuta kwa shuka, nimeinyoa kwa mkasi, na zile hatua tatu ni uongo niliotunga kwa kipaza sauti. Nikasema pia ile sentensi yangu ya mkulima asiyefuata maelekezo naiondoa, na anayetaka kunirudishia aje nayo.

 Stamili akainua mkono, akasema zake zilianza kabla ya za watu wote. Aliyekaa karibu naye akasema la, zake ndizo zilianza. Ikawa kama mashindano. Baada ya muda mikono yote ilikuwa juu, na watu waliokuwa wakikwepana mwezi mzima walikuwa wanaelezana dawa walizojaribu: majivu, sabuni, mkojo wa ng'ombe. Mmoja alikuwa anazipepea nyanya zake kwa ungo.

Walicheka. Lakini Stamili hakucheka. Alingoja vicheko vipungue.

"Ulitupa aibu ambayo haikuwa yetu," akaniambia. "Tumelala nayo."

  Wakakata shauri kwamba niwapigie simu wageni wote wa Newala, mmoja mmoja, nifute yale niliyofundisha. Nilianza siku hiyohiyo. Watatu walikuwa wameshanyoa, na jua lilikuwa limeanza kuunguza matunda yao yaliyobaki bila kivuli. Matusi niliyopewa gazeti hili halichapishi.

Naima alisimama baada yangu. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji.

Akasema ubwiri nao una koo zake, kama sisi tulivyo na koo zetu. Shupavu ilizalishwa ikiujua ukoo mmoja, na ukoo huo ukija inaufukuza hadi leo. Kipeperushi hakikudanganya. Lakini mbegu moja ikipandwa kila mahali, ukoo unaofukuzwa unapungua, na ule usiojulikana unakuta mashamba yote ni yake. Hauzuiwi na mtu. Unazaana, unapeperushwa na upepo, unafika Nanganga. Ndivyo alivyodhani, ila bahasha zake ndizo zitakazothibitisha.

"Kwa hiyo aliyekosea ni nani?" akauliza mama mkwe wangu.

"Kuugua si kosa la mtu," Naima akajibu. "Kusambaa, mikono yetu imesaidia. Mikono na mikasi." Akanitazama kidogo. "Na vitambaa."

Akawaonyesha salfa ya kuchanganya na maji na kipimo chake, akasisitiza ipuliziwe asubuhi, maana jua likiwa kali salfa yenyewe huunguza majani. Majani yaliyojaa unga yachomwe, watu wanawe kabla ya kuhama tuta. Matunda yaliyokwisha kushika mengi yataiva. Si yote, akasema, lakini mengi. Niliona mabega ya akina mama yakishuka.

Mchana tukazunguka bustani, Naima akikusanya majani kwenye bahasha. Tukamalizia kwa mama mkwe. Isabela alikuwa ameshatangulia, anaosha mabeseni ya mamaye. Tuta baada ya tuta, unga. Naima anakata, anatia, anaandika. Tukafika mwisho, kwenye migomba, nami nikasema basi, hakuna kingine.

"Na hizi?" akauliza Naima.

Nyuma ya migomba palikuwa na miche minane. Kijani kibichi kabisa. Nyanya zake ndogo, bapa, zenye mikunjo kama kibeti cha bibi. Hatua tatu tu kutoka hapo Shupavu zilikuwa nyeupe pe, lakini hiyo minane haikuwa na doa hata la kuazima.

Zilikuwa nyanya za kienyeji. Zile nilizomwambia azing'oe. Zile alizoniambia ameshazing'oa.

Nikamtazama mama mkwe. Sasa yeye ndiye aliyetazama chini. "Nilibakiza za mboga," akasema. Sitaficha kwamba nilifarijika kidogo kuona katika ukoo wetu si mimi peke yangu.

Naima alipiga magoti, akatoa kioo chake cha kukuzia, akageuza majani moja moja, juu na chini. Aliposimama, alikuwa anajizuia kutabasamu. Akasema miche minane si ushahidi, huenda ni bahati, huenda migomba imeikinga. Anachohitaji ni kuona shamba zima la nyanya hizi, tena mahali penye baridi na ukungu, ambako ubwiri unakaa msimu wote. Zikisimama huko, basi zinaujua ule ukoo ambao Shupavu haiujui, na mbegu zake zinaweza kuwa mwanzo wa kitu.

"Mbegu ulizipata wapi, mama?"

Mama mkwe akainama kung'oa gugu. Isabela akaanza kuosha beseni ambalo alikuwa ameshaliosha.

Naima akarudia swali, akidhani hajasikika.

"Newala," akasema mama mkwe.

"Kwa nani?"

Akamtazama binti yake. Akanitazama mimi. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

"Aliniletea Ladislaus. Mwaka ule alipokuja kuposa."

Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu alikuja kuposa kabla yangu. Nikamuuliza alikuja kumposa nani, ingawa mama huyu ana binti mmoja tu. 

"Alileta mbegu kwenye kibuyu na kuku wawili," mama mkwe akaendelea, akimweleza Naima kana kwamba mimi sipo. "Kuku tuliwarudisha. Mbegu nilikuwa nimeshazipanda."

Naima, ambaye hakuwa anaelewa amesimama katikati ya nini, akafungua daftari. Akauliza kama mtu huyo bado analima nyanya hizi. Mama mkwe akasema alivyosikia ni kwamba analima shamba kubwa. Naima akafurahi. Akasema kesho atakuwa na gari, wangeweza kupanda Newala asubuhi, ila si adabu kuingia shamba la mtu bila kumwomba. Nani anaweza kumpata?

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema Newala ni kubwa, watu huhama, labda huyo Ladislaus amekwisha kufa.

"Hajafa," akasema Isabela, nikiwa bado sijasema kitu.

Akajifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu kiunoni. Hakuuliza namba. Hakuitafuta kwenye orodha. Alibonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, kumi zote, kwa kidole gumba, macho yake yakiwa kwenye ile miche minane.

Iliita mara moja tu.

"Isabela," sauti ya mwanamume ikasema kutoka upande wa pili. Haikuuliza. Ilisema.